Mfereji wa Miti Mitano

Mfereji wa Miti Mitano umekauka. Haukukaushwa na kiangazi, wala hakuna mwizi aliyeyachukua maji yake. Wenyewe waliyatoa kwa mikono yao, na mkono wa kwanza ulikuwa wa Muturi, mwenyekiti wa kamati ya mfereji.

Miti Mitano ni kijiji kilicho juu ya mteremko, ukitoka Kariandusi ukipanda kuelekea msituni. Ukisimama pale unayaona machimbo meupe chini yako kama unga uliomwagika, na mbele yake Ziwa Elementaita likimeremeta kama kipande cha bati. Zamani palikuwa shamba la mlowezi. Ndiye aliyechimba mfereji kutoka kwenye chemchemi ya msituni. Alipoondoka, Wakikuyu na Wakalenjin walichanga, wakalinunua shamba kupitia kampuni ya kununua mashamba, wakagawana ardhi, na mfereji wakaurithi pamoja.

Kila boma lilikuwa na zamu. Zamu yako ikifika unachukua jembe, unapasua ukingo mahali pako, na maji yanaingia shambani. Ukimaliza unaziba kwa udongo na magugu, jirani wa chini naye apasue kwake. Aliyepasua nje ya zamu, zamu yake iliyofuata ilirukwa. Hakuna adhabu iliyoogopwa kuliko kurukwa, maana kabichi haijui kusubiri.

Muturi aliisimamia kazi hiyo kwa haki. Hakupendelea kabila wala ukoo. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alishuku hata kivuli chake. Ukimwamkia mapema alijiuliza unataka nini. Ukimpita bila kumwamkia alijiuliza umeiba nini. Na ugonjwa huo haukutoka hewani. Baba yake alikuwa mwanahisa wa ile kampuni. Karani mmoja alimwomba cheti chake cha hisa ili jina lisahihishwe, akamwambia, "Tutakutunzia, mzee." Cheti hakikurudi. Ardhi ilipogawanywa, mzee alipewa sehemu ya mawe ambayo hata mbuzi waliikunjia pua. Kabla hajafa alimwachia mwanawe wosia mmoja tu: usimwonyeshe mtu wa ofisi kitu unachokipenda.

Basi Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, chifu aliwasimamisha uwanjani.

"Kaunti inaandika mpango wa maji," alisema. "Kaunti nzima, kutoka Naivasha mpaka Kuresoi. Kila mto, kila kisima, kila mfereji utaandikwa: uko wapi, una maji kiasi gani, na nani anayatumia. Afisa akija, mwonyesheni."

Muturi alimsogelea katibu wake, Kipruto. Wawili hao walikuwa marafiki tangu ujana wao, chanda na pete.

"Umesikia?" alimnong'oneza. "'Nani anayatumia.' Mwizi wa ng'ombe huanza kwa kuuliza wanalala wapi."

"Labda ni kuandika tu," alisema Kipruto.

"Baba yangu pia aliambiwa ni kuandika tu."

Jioni hiyo kamati ilikutana katika ghala la viazi la Kipruto. Muturi alisimama katikati ya magunia, akaongea kama mtu aliyekwisha kuibiwa.

"Leo tukiwaonyesha mfereji, kesho mtaona mita. Mkiona mita mtaona bili. Mkishindwa na bili mtaona kufuli. Mimi nasema hatuna mfereji. Mfereji ulikufa zamani."

"Na haya maji tutayaweka wapi, mfukoni?" aliuliza mtu mmoja, na watu wakacheka.

Muturi alikuwa amefikiria yote. Kichwa cha mfereji, pale maji yanapochepuka kutoka kwenye chemchemi, kizibwe kwa magunia ya udongo. Maji yote yateremkie korongoni. Mfereji uachwe ukauke, utupiwe majani na takataka, uonekane kama kaburi lililosahauliwa. Kila boma liweke mitungi mlangoni, kama watu wanaonunua maji kwa mkokoteni wa punda. Afisa akiondoka, magunia yatolewe.

Cheptoo, mjane aliyeishi mkiani kabisa mwa mfereji, aliinua mkono. Alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, na ndio waliomsomeshea watoto.

"Mwenyekiti, ni kweli mwizi huuliza ng'ombe wanalala wapi. Lakini hata daktari wa mifugo huuliza. Mimi nina ng'ombe wanne wanaokunywa mfereji huu. Nikisema sina maji, nitakuwa nimemdanganya nani?"

"Mama," Muturi alisema, "ukifungua mdomo kwa mtu wa ofisi, zamu yako itarukwa. Tena si mara moja. Tutakuruka mpaka ng'ombe wako wajifunze kukamuliwa vumbi."

Hakuna aliyecheka. Cheptoo alikaa chini. Kipruto aliangalia viatu vyake. Tangu siku hiyo ikawa sheria, ingawa haikupigiwa kura: wa Miti Mitano hana mfereji.

Afisa alifika kiangazi kikiwa kimekolea. Alikuwa mwanamke kijana aitwaye Cherop, amevaa buti za mpira, mkononi ana kidude cha kuonyesha mahali aliposimama duniani. Muturi alizitazama zile buti. Zilikuwa na tope. Tope la wapi, na jua lote hili? Akajiambia kwamba huyu amekwisha kuzunguka msituni, anakuja kuwapima ulimi tu.

"Hamjambo wazee?"

"Hatujambo, na shida zetu," alijibu Muturi.

Cherop aliangalia shimo refu lililojaa majani makavu, ndala zilizokatika na mabua ya mahindi.

"Huu si mfereji, mzee?"

"Ulikuwa mfereji. Mlowezi alikwenda nao."

"Alikwenda na mfereji?"

"Alikwenda na maji yake. Watu wale walikuwa wachoyo, mama."

Wazee waliuma midomo. Cherop hakucheka. Alitembea ukingoni, akainama penye shamba la Kipruto. Hapo nduma, zao la mahali penye maji mengi, zilikuwa zimesimama, majani mapana yakipepea kama masikio ya ndovu.

"Na hizi nduma zinakunywa nini?"

"Umande," alisema Muturi.

"Umande gani huo wa kuotesha nduma?"

"Umande wa huku ni mzito. Huku ni juu."

Kipruto alishikwa na kikohozi, akageuka kando. Cherop alisimama wima, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, mimi si polisi. Sikuja kumkamata mtu. Nikiwaandika kama watumiaji, ninyi mtatengewa maji yenu kwanza, kabla ya mwingine yeyote. Yanayobaki ndiyo yanayogawiwa wengine. Nisipowaandika, sina la kuwatetea. Nauliza tena. Hakuna anayetumia maji ya chemchemi ile?"

Maneno yalikuwa laini. Ndiyo yaliyomtia Muturi shaka zaidi. Tutakutunzia, mzee. Alisikia kama karani yule wa kampuni amefufuka amevaa buti.

"Hakuna," alisema.

Cherop aliandika. Kisha akateremka korongoni mpaka kwenye daraja la magogo, akatumbukiza majini fimbo yenye alama, akasoma, akatumbukiza tena. Muturi alimtazama kwa mbali akitabasamu. Apime korongo mpaka fimbo iote mizizi! Mfereji ukiwa na maji hajauona.

"Maji ni mengi kuliko nilivyotarajia," Cherop alisema akipanda.

"Mungu ni mwema," alijibu Muturi.

Gari lake lilipopotea kwenye vumbi, vijana walikimbia kutoa magunia. Maji yalirudi mferejini yakisukuma takataka mbele yake, na watu wakapiga makofi kama wameshinda kesi.

Cherop alirudi mvua zilipokwisha, akarudi tena kiangazi kilichofuata, kwa sababu maji hayapimwi mara moja. Kila mara chifu alitangaza kanisani kabla hajafika, na kila mara Miti Mitano walibeba magunia. Wakawa hodari wa kazi hiyo. Waliweza kuua mfereji asubuhi na kuufufua jioni.

Lakini mkewe Muturi, Wachuka, hakuwa na raha. Siku moja alimwekea mumewe chakula, akakaa mbele yake.

"Baba Tabby, yule msichana ametuuliza mara tatu. Mwizi haulizi mara tatu."

Muturi aliacha kutafuna. "Wewe umeongea naye?"

"Nilimpa chai."

"Chai tu?"

"Chai na viazi. Nimnyime? Mtoto wa watu ametoka mbali."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza kama viazi vina chumvi."

Muturi hakuamini. Iweje afisa wa serikali atoke Nakuru kuja kuuliza habari za chumvi? Wiki nzima alimwangalia mkewe kwa pembe ya jicho. Simu yake ikilia, Muturi alitega sikio. Wachuka akienda kutafuta kuni, Muturi alikumbuka ghafla kwamba naye anataka kuni. Mke wake alipoona hivyo alifunga mdomo, na katika nyumba ile mtu wa pekee aliyesema kweli akanyamaza.

Mpango ulipokaribia kukamilika, chifu aliita baraza. Cherop alitundika ramani ukutani, mito ikiwa imechorwa kwa rangi ya samawati.

"Huu bado ni mswada," alisema. "Ndiyo maana tumekuja. Palipo na kosa semeni, litarekebishwa hapa hapa. Ukishapitishwa, hautaguswa mpaka miaka mitano ipite." Akaweka kidole juu ya Miti Mitano. "Korongo hili limetushangaza. Hata wakati wa kiangazi lina maji mengi, na hayana mtumiaji. Yanateremka ziwani bure. Mpango unapendekeza maji hayo yaingizwe kwenye bomba, yapelekwe kwa watu wa mijini wanaoteseka."

Maji mengi korongoni. Muturi alielewa mara moja yalikotoka. Siku zote tatu, Cherop alikuwa amepima maji ya korongo pamoja na maji ya mfereji. Kile walichokificha ndicho walichomwagia miguuni, naye akakipima na kukiandika kuwa hakina mwenyewe.

Cheptoo alisimama. "Mimi naomba kusema. Hayo maji—"

"Mama, kaa," Muturi alimkata.

"Mwache aseme, mzee," alisema Cherop. "Na wewe, kama kuna la kusema, huu ndio wakati. Kuna watu wanaoyatumia maji haya?"

Cheptoo alikumbuka tisho la kurukwa, akakaa, na macho yote ya Miti Mitano yakamgeukia mwenyekiti. Alikuwa na kofia mkononi, akaikunja kama anayekamua nguo. Neno lilifika ulimini. Hapo ndipo ugonjwa wake wa zamani ulipomwamkia. Mbona huyu anabembeleza hivi? Labda hakuna bomba lolote. Labda ni chambo, watu waungame mbele ya chifu kwamba walimdanganya afisa, kisha walipishwe faini na mfereji uchukuliwe. Ndivyo mtego unavyotegwa: panya huonyeshwa kwanza kwamba nyama inaondoka.

"Hakuna," alisema Muturi. "Sisi watu wa Miti Mitano tunangojea mvua ya Mungu."

Cherop aliandika jibu hilo. Kisha akakunja ramani.

Mpango ulipitishwa. Mvua zilinyesha, zikaisha, na hakuna kilichotokea. Muturi alitembea kijijini kifua mbele. Aliwauliza watu, "Nani sasa aliyekuwa anasema tufunue mfereji?" Hata Cheptoo alimwamkia kwa heshima.

Kisha malori ya mabomba yakapanda mteremko.

Muturi aliwakusanya wanaume wenye majembe, Kipruto akiwa mbele pamoja naye. Waliwakuta wafanyakazi penye chemchemi wakichimba. Msimamizi wao, Owino, alikuwa amekaa juu ya bomba akila ndizi.

"Sasa, wazee. Kuna shida?"

"Shida ni wewe," alisema Muturi. "Toka kwenye maji yetu."

"Yenu? Boss, ramani inasema haya maji hayana mtu. Tena nimeambiwa mlikuwa kwenye baraza mkakubali."

"Nani aliwaonyesha chemchemi iko wapi?"

"Tuonyeshwe na nani? Tulifuata korongo tukipanda, tukafika mahali maji yanatokea."

Hilo lilikuwa jibu rahisi na la kweli. Lakini mtu aliyezoea kutafuta nyoka huona mkia katika kila kamba. Lazima kuna aliyewauza. Muturi akageuka, akamtazama Kipruto kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Ghala lako lina mabati mapya," alisema.

"Lina mabati mapya, ndiyo."

"Yalitoka wapi?"

Majembe yalitulia. Hata wafanyakazi waliacha kuchimba.

"Muturi," Kipruto alisema polepole, "unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiwe unayejua njia ya chemchemi kuliko wote. Ulilipwa nini?"

"Mabati yalitoka kwa viazi. Viazi vilitoka kwa mfereji. Na mfereji nimeuziba kwa mgongo wangu, nikibeba magunia yako, kwa sababu wewe ulisema. Nilijua ni upumbavu, lakini nilibeba kwa sababu ni wewe." Aliweka jembe begani. "Tafuta mwizi wako. Ukimkosa, tazama kwenye kioo."

Akateremka. Wengine walimfuata, mmoja mmoja, mpaka Muturi akabaki peke yake na watu wa mabomba. Owino alimpa ndizi. Muturi aliikataa, maana hakujua ndizi ile ina maana gani.

Kesho yake alifunga safari hadi Nakuru, ofisini kwa Cherop. Afisa alimpa kiti, akamsikiliza bila kumkatiza alipokuwa akieleza habari za magunia, takataka na mitungi iliyowekwa milangoni.

"Mpango utafunguliwa tena baada ya miaka mitano," alisema Cherop. "Hapo mtaleta maombi. Lakini maji yakishaanza kunywewa na watu wengine, si rahisi kuwanyang'anya."

"Wewe ulijua," Muturi alisema. "Uliziona nduma. Ulijua kuna maji. Mbona hukuandika?"

"Ningeandika nini, mzee? Umande?"

Muturi aliinamisha kichwa.

"Nilirudi tena na tena nikitumaini mtu mmoja atasema," Cherop aliendelea. "Nilisimama barazani nikakuuliza mbele ya watu wako. Siwezi kuandika kwamba mwenyekiti anajua asemalo ni uongo. Ninaandika wanachosema wenye maji. Wewe ndiwe mwenye maji, na ulisema hakuna."

Akiwa bado mlangoni pa ofisi, Muturi alijikuta akiwaza: labda binti huyu amehongwa. Alilisubiri wazo hilo limpe nguvu, kama lilivyompa siku zote. Safari hii halikumpa kitu. Hapakuwa na mwizi. Angefurahi sana kama mwizi angekuwepo.

Bomba lilipofunguliwa, binti yake Tabby, aliyeolewa Rhonda, mtaa wa mji wa Nakuru, na ambaye tangu aolewe alikuwa akinunua maji kwa mtungi, alipiga simu akicheka.

"Baba! Maji yamefika kwenye ploti! Unafungua mfereji wa ukutani tu, yanamwagika! Eti yanatoka huko kwenu. Baba, unanisikia? Yanatoka kwetu!"

"Nakusikia," alisema Muturi. "Kunyweni."

Alimpa Wachuka simu, akatoka nje. Kwa kuwa sheria haiachi mtu afe kwa kiu, kaunti iliwajengea Miti Mitano kibanda kimoja cha maji ya kunywa, chenye bomba moja. Kina mita, kina bili, na jioni kinafungwa kwa kufuli. Maji yake hayaruhusiwi kuingia shambani.

Hasara ya kuuficha mfereji ni hii. Cheptoo aliuza ng'ombe wake wote wanne huko Gilgil, na sasa anafuga kuku. Maboma yalikuwa arobaini. Kumi na moja yamehama, na mawili kati yake yamekwenda kupanga chumba Kamere, karibu na mashamba ya maua ya Naivasha, kufanya kazi ya kukata maua ya watu wengine. Kabichi hakuna. Vitunguu hakuna. Nduma za Kipruto zilikauka zote, akang'oa mashina akawapa nguruwe. Kamati ya mfereji ilivunjwa kwa kukosa mfereji. Kipruto na Muturi, waliokuwa chanda na pete, hupishana njiani kama watu wasiojuana. Wachuka humpikia mumewe na kumfulia, lakini jambo la maana hamwambii tena. Na miaka mitano ya kungojea haijafika hata nusu. Hayo yote yalilipwa ili kitu kimoja kisionekane na mtu aliyekuja kukilinda. Mficha uchi hazai.